Nani Aliyemwona Mumiani?



Muhula uliopita nilipokea ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Mwanamke mmoja, kwa sauti mtu mzima, alikuwa akisema huku anahema. Alisema kuna watu wanazunguka vijiji vya karibu na chuo wakinyonya watu damu. Wanavaa glavu, wanabeba boksi jeupe, na wakishakutoboa kidole huna habari tena. Niliusikiliza mara mbili, kisha nikaurusha kwenye grupu tatu: la hosteli, la darasa, na la sisi tuliotoka Burundi. Nikaongeza neno langu moja: "Jihadharini." Haikunichukua hata dakika.

Siku nne baadaye mwenzetu anayesoma afya ya jamii alikwenda kijijini kupima malaria kwa ajili ya tasnifu yake. Alikuwa na glavu. Alikuwa na boksi jeupe la kuhifadhia sampuli. Alikuwa pia na barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye mhuri, ambayo hakuna aliyeisoma. Walimpiga kwa mawe na fimbo mpaka polisi walipofika. Alhamdulillahi, yuko hai. Jino moja la mbele halipo.

Sasa nauliza, na sijiulizi kwa mzaha: mimi nilikosa nini? Sikusema uongo, kwa sababu niliamini. Sikumtaja mtu. Nia yangu ilikuwa kuwakinga wenzangu, na hadithi ya nia tumeisoma sote. Kwa wiki kadhaa nililala na utetezi huo, na ulinitosha.

Nimekulia Buyenzi, Bujumbura, na bibi yangu alikuwa hodari wa mazimwi. Zimwi lenye jicho moja, zimwi lililomeza kijiji kizima pamoja na ng'ombe. Tuliogopa hadi kwenda chooni tukawa twasindikizana. Lakini bibi hakuanza kamwe bila kutuita tuitikie, na katika kuitikia kule sisi wenyewe tulikubali kwamba uongo unakuja. Mlango ulikuwa wazi, tukaingia kwa hiari, na hadithi ilipokwisha tukatoka. Hakuna jirani aliyewahi kupigwa kwa sababu ya zimwi la bibi. Ule ujumbe wa sauti haukuwa na mlango wa namna hiyo.

Waarabu wa zama za ujahili nao walikuwa na lao: ghul, kiumbe wa jangwani anayejigeuza maumbo na kuwapoteza wasafiri njia. Mtume wetu (s.a.w.) alimkanusha, na hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Imam Nawawi anaeleza kwamba wanazuoni wametofautiana: wapo waliosema kilichokanushwa ni kuwepo kwake, na wapo waliosema ni ule uwezo wake wa kujigeuza na kupoteza watu. Vyovyote iwavyo, angalia waliokuwa wakiambiwa maneno hayo. Ni watu walioamini majini, kama tunavyoamini sisi. Nasema hivi kwa sababu kila nikihoji habari ya namna hii kuna ndugu huniuliza kama nimeacha kuamini ghaibu. Sijaacha. Ghaibu tumeijua kwa wahyi. Habari ya mtu mwenye boksi jeupe barabarani si ghaibu, ni ushahidi, na ushahidi huulizwa shahidi wake. Suratul Hujurat, aya ya sita, inatuagiza hivyo, na inataja wazi hofu ya kuwadhuru watu bila kujua kisha tukabaki tunajuta.

Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, ananukuu katika kitabu chake cha wanyama maelezo ya mwalimu wake al-Nazzam. Mtu akikaa peke yake nyikani, upweke humfanya aone kidogo kuwa kikubwa na asikie kisichosemwa. Akirudi anasimulia, na anayemsikiliza ni mtu wa nyika kama yeye, asiyezoea kupima habari. (Najua, wote wawili walikuwa Mu'tazila. Katika hili sioni pa kuwapinga.) Chumba cha hosteli saa sita ya usiku, simu mkononi, nacho ni nyika.

Hapa Kampala mumiani ana historia ndefu. Wakati wa ukoloni waliitwa bazimamoto, na ng'ambo ya mpaka, Kenya, wazimamoto. Ilisemwa kwamba wanakamata watu na kuwatoa damu kwa ajili ya Wazungu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na hakuyacheka. Watu waliotawaliwa kwa nguvu walikuwa na sababu ya kuogopa sare na magari yasiyoeleweka yamekuja kufanya nini. Nakubali. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini hofu ya kweli inaweza kumwangukia mtu asiyehusika, na ndivyo ilivyotokea kusini mwa Malawi mwaka 2017. Uvumi wa wanyonya damu ulienea, makundi ya watu yakaua watu kadhaa, Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe, na polisi wakakamata watu zaidi ya 100.

Utetezi wenye nguvu kuliko wote ni ule wa tahadhari: na kama ni kweli, je? Si bora kuonya bure kuliko kunyamaza mtu akafa? Nilishindwa kuujibu mpaka nilipomkumbuka Gustave. Kwetu huyu ni mamba mkubwa mno wa Rusizi na ufuko wa Ziwa Tanganyika, anayesemwa kuwa amekula watu 300, idadi ambayo sijui nani aliihesabu. Mfaransa Patrice Faye alimtegea ngome ya chuma, asiingie. Ukiniambia Gustave ameonekana leo, na ikawa si kweli, nimekosa kuogelea alasiri moja. Basi. Mamba hana jina la kuchafuliwa. Lakini mumiani hakai mtoni. Ana glavu, ana kazi, ana sura ya binadamu, na ukimtangaza lazima apatikane mtu wa kuivaa sura hiyo. Onyo langu halikuwa la bure. Bei yake nilimtupia mwingine alipe.

Nilimfuata yule mwenzetu baada ya Ijumaa, nikamwambia kwamba mimi ni mmoja wa walioisambaza ile sauti. Alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu yake na kunionyesha. Naye alikuwa ameituma, siku mbili kabla ya kupigwa, kwa mama yake, ili asimruhusu mdogo wao wa mwisho kutoka jioni.

Tulikaa pale msikitini hadi Alasiri bila kusema mengi.

Juzi shangazi amenitumia sauti nyingine kutoka nyumbani. Safari hii ni gari jeusi linalochukua watoto. Nilimjibu kwa adabu: "Shangazi, shikamoo. Nani aliyeliona?" Akasema ametumiwa na mtu mzima mwenye heshima zake, na kwamba tangu niingie chuo nimekuwa mbishi. Bado sijamjibu.