Wanangu, Msiache Kuosha Karai

Ninyi vijana mnaoingia jikoni mwa mahoteli ya Pwani na viwanda vya samaki, nasikia mnavyovisifu vipimo vipya vya mzio. Sina ugomvi navyo. Biosensa ni chombo cha maana: hutiwa kingamwili zinazoitambua protini ya kamba, na protini hiyo ikinaswa, umeme wake hubadilika au mstari wa rangi hujitokeza. Kiasi kisichoonekana kwa jicho wala kuonjwa kwa ulimi, chombo hukinasa, tena kwa dakika chache.

Ninachowaonya ni kukiamini kuliko usafi wa mikono yenu.

Protini yenyewe inaitwa tropomayosini. Imo katika kamba, kaa na kamba koche, na moto hauiondoi. Mpishi akikaanga kamba, kisha akatumbukiza chipsi katika mafuta yale yale kwa kuwa "yamechemka, yamejisafisha", huenda amemlisha mgeni kamba bila mgeni kujua. Sasa atoe chipsi moja ya juu, aipime, aambiwe hakuna kitu. Kipimo kimesema kweli juu ya chipsi ile. Zile za chini, zilizolala kwenye makombo, nani amezipima?

Tena ulizeni kila kipimo kimeundwa kutambua nini. Cha kamba chaweza kumpita ngisi au pweza, maana tropomayosini zao zina tofauti. Changu na nguru wana protini nyingine kabisa, parvalbumini. Na kinachonitisha zaidi: katika baadhi ya vipimo vya ukanda, protini ikizidi mno, mstari hufifia, hata mtu akadhani chakula ni salama.

Jodari aliyeachwa juani ana balaa lake. Hujaa histamini, mlaji akawashwa na kuiva uso, watu wakasema ana mzio wa samaki. Hilo ni kosa la barafu, na kupika hakulirekebishi.

Kwa hiyo mgeni akisema hali kamba, mwaminini. Badilisheni mafuta, osheni karai, kisu na ubao, ndipo mpime. Na akianza kuvimba midomo au kupumua kwa shida, achaneni na kupima mabaki ya sahani yake: achomwe sindano ya adrenalini ikiwapo, na akimbizwe hospitali mara moja.