Rimoti ya Pampu ya Bondeni

Huko Mlandizi, kandokando ya Mto Ruvu, palikuwa na fundi kijana aliyetengeneza redio na simu, na mjomba wake aliyelima bamia na mchicha. Kisa chao nimekitunga, lakini makosa yaliyomo hufanywa kila siku, tena na mafundi wenye mikono mizuri, na ndiyo maana nakisimulia.

Mjomba alikuwa na pampu iliyozungushwa kwa mkanda na mota ya nguvu za farasi wawili. Ilivuta maji mtoni na kuyapandisha hadi kwenye tangi lililokuwa karibu na nyumba, juu ya kilima, mwendo wa mita kama 200. Kisanduku cha kuiwashia alikitengeneza mpwa wake: breka ndani, swichi kubwa ya kupandisha na kushusha ubavuni, taa nyekundu ya kuonyesha kwamba umeme upo. Ilikuwa kazi safi. Tabu ilikuwa ile njia. Mjomba alishuka kuwasha, akapanda kutazama tangi, akashuka tena kuzima, na magoti yake hayakuwa ya kijana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona na mkoba leo?"

"Nimekuja kukupumzisha. Kuanzia leo hushuki tena bondeni. Unakaa hapa barazani, unabonyeza, maji yanakuja."

Alikuwa amepitia Kariakoo akanunua seti inayojulikana na kila anayejifunza elektroniki: rimoti ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo, na kibao cha kupokea chenye rilei moja, vyote vya megahezi 433. Alifungua kisanduku, akaing'oa ile swichi kubwa kwa kuwa aliona haina kazi tena, na mahali pake akaunga rilei. Mfuniko akaukaza kwa skrubu nne ili mvua isiingie. Mara ya kwanza mawimbi hayakufika, kwa sababu antena ilikuwa imefungiwa ndani ya bati. Kijana alijua la kufanya. Alikata waya wa sentimita 17 na ushee, ambao ni robo ya urefu wa wimbi la megahezi 433, akautoa nje ya kisanduku na kuusimamisha. Akapanda kilimani, akabonyeza, maji yakaja. Mjomba alicheka hadi machozi yakamtoka.

Kijana alikuwa na swali moja tu, na alilijibu vizuri: je, mawimbi yanafika? Maswali mengine yalikuja baadaye, moja baada ya jingine, na kila mara aliyapokea kama hitilafu ndogo ya kurekebisha.

La kwanza lilitokana na namna ya kubonyeza. Kibao kile kilikuwa cha kugeuza: ukibonyeza mara moja kinawasha, ukibonyeza tena kinazima, kwa kitufe kilekile. Mtu aliyesimama kando ya pampu hapati shida, maana anaiona na kuisikia. Mjomba alikuwa mita 200 mbali, na siku za upepo hakusikia kitu. Alibonyeza, akasubiri, akadhani haikushika, akabonyeza tena. Bila kujua, alikuwa amewasha na kuzima. Siku nyingine alizima kumbe anawasha, akaenda kulala. Asubuhi tangi lilikuwa limefurika na kuchimba shimo chini ya msingi wake, na yuniti za Luku zilikuwa zimekwisha. Katika kiangazi, mto uliposhuka chini ya mdomo wa bomba, pampu ilizunguka kavu saa nzima hadi sili yake ikaungua. Zamani masikio ya mjomba yangemwambia mapema, kwani pampu inayovuta hewa hubadilisha sauti. Rimoti ilikuwa imeondoa mkono wake kwenye mashine, na pamoja na mkono ikaondoa macho na masikio.

La pili lilikuwa zito zaidi. Siku moja mjomba alibonyeza kuzima na pampu ikaendelea. Kijana alikuja, akafungua kisanduku, akakuta taa ndogo ya kibao imezimika kama inavyotakiwa, lakini mota inanguruma. Akaigonga rilei kwa mpini wa bisibisi, ikaachia. Akasema imepona.

Haikuwa imepona. Rilei ile ndogo ya buluu imeandikwa ampea 10, lakini kipimo hicho ni cha mzigo mtulivu, kama hita. Mota ya farasi wawili kwenye volti 230 hula karibu ampea hizo hizo ikiwa imeshatulia, na wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa zaidi. Kila inapowashwa, cheche huruka kati ya vidomo vya rilei na kuviyeyusha kidogo, hadi siku vinapogandana. Koili inaachia, taa inazimika, na umeme unaendelea kupita. Hapa wengi hudanganyika. Taa ya kibao inasema amri imepokelewa. Haisemi pampu imesimama, wala haina njia ya kujua.

La tatu liliwatia hofu, na majirani wakaanza kusema ya kwao. Pampu iliwaka usiku wa manane, nyumba nzima imelala, rimoti imetundikwa ukutani. Maelezo yake ni ya kawaida. Rimoti za bei rahisi za aina hii hutumia chipu ambayo miguu yake minane ya anwani inaweza kuunganishwa kwa namna tatu, hivyo kuna mipangilio 6,561. Ni idadi ya kutosha, endapo mtu ataipanga. Nyingi hutoka kiwandani miguu yote ikiwa haijaunganishwa popote, na fundi asipoigusa, rimoti yake na ya mtu mwingine aliyenunua seti kama hiyo zinatamka neno lilelile. Ng'ambo ya barabara palikuwa pamejengwa nyumba mpya yenye geti la umeme. Mwenye nyumba aliporudi usiku na kufungua geti lake, pampu ya bondeni nayo ilitii.

Kisha ikafika Jumamosi moja, mkanda ukawa unateleza. Mjomba alibonyeza rimoti, akasikia pampu imenyamaza, akaiacha rimoti barazani na kushuka na spana zake. Alilegeza nati za mota, akaupachika mkanda kwenye puli, akaanza kuizungusha puli kwa mkono ili mkanda ukae sawa. Mota ikawaka.

Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Kijana wa shamba la pili alikimbia kuzima, akazunguka kisanduku chote bila kuona pa kushika: swichi haipo, breka imo ndani, mfuniko umekazwa kwa skrubu. Ikabidi mtu apande kilima kuifuata rimoti.

Wiki zile mpwa aliuliza swali moja kwa kila mtu: nani alibonyeza? Mjukuu wa miaka minne alikuwa akicheza barazani, huenda ni yeye. Huenda ni jirani mwenye geti. Huenda pia hakuna aliyebonyeza: vidomo vya rilei vilikuwa vimegandana tena, pampu ilinyamaza kwa sababu umeme ulikatika dakika ileile, kisha ukarudi. Hakuna atakayejua. Mimi naona swali lenyewe limekaa pabaya, maana linamtafuta mwenye hatia miongoni mwa watu ambao hawakupaswa kuwa na uwezo wowote juu ya ile puli. Mkono wa mtu ukiwa kwenye mkanda, kitufe chochote, kiwe cha nani na kimebonyezwa vipi, kilipaswa kuwa hakina maana.

Kosa hili halifanywi na mafundi wa vijijini peke yao. Mwaka 2008, katika mji wa Łódź nchini Polandi, mvulana wa miaka 14 aliigeuza rimoti ya televisheni ikawa na uwezo wa kubadilisha njia za reli za tramu za mji. Tramu nne ziliacha reli na watu 12 wakaumia. Usiku wa tarehe 7 Aprili 2017, ving'ora vyote 156 vya tahadhari vya jiji la Dallas, Marekani, vililia kwa zaidi ya saa moja na nusu bila tufani yoyote. Mtu fulani alikuwa ametuma mawimbi ya redio yanayofanana na amri halali, na ving'ora vikatii. Watu walioweka mifumo hiyo walikuwa wahandisi wa miji mikubwa. Nao walihakikisha amri inafika, bila kumalizia swali la nani anaweza kuitoa.

Swali hilo lina umri sawa na rimoti yenyewe. Nikola Tesla alionyesha mashua yake inayoongozwa kwa redio katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mwaka 1898. Miaka mitano baadaye, mwaka 1903, alipata hataza za mfumo wa kupokea ambao haufanyi kazi mpaka mawimbi ya masafa tofauti yafike kwa pamoja, ili ishara moja ya kupotea njia isiweze kuamsha mashine. Leo kazi hiyo inafanywa na chipu za msimbo unaobadilika kila unapobonyeza, kama zile za funguo za magari. Kwa fundi wa nyumbani, vibao vya redio vinavyozungumza pande mbili havina bei ya kutisha, na programu yake inaweza kubeba namba ya siri pamoja na hesabu inayoongezeka kila amri, ili amri iliyonaswa jana isikubalike leo.

Hata hivyo sianzi na msimbo. Ningekuwa na huyo kijana mbele yangu, ningeanza na ile swichi aliyoing'oa. Ningemwambia airudishe, tena nje ya kisanduku, kando ya pampu, ikate waya wa umeme wenyewe kabla haujafika kwenye kitu chochote cha elektroniki, na iwe na tundu la kufuli. Anayeshuka kurekebisha mkanda anashusha swichi, anafunga kufuli, na ufunguo anautia mfukoni mwake. Rimoti huongezwa juu ya swichi. Haichukui nafasi yake hata siku moja. Puli na mkanda navyo vinahitaji kikinga cha wavu, na hilo halihusiani na redio, lakini lingeokoa vidole.

Kisha ningembadilishia maana ya ukimya. Kwenye mashine ya mjomba, ukimya ulimaanisha "endelea na ulichokuwa ukifanya". Winchi za viwandani zinazoongozwa kwa rimoti hupangwa kinyume chake. Rimoti hutuma ishara mfululizo muda wote wa kazi, na ishara ikikosekana kwa muda mfupi, kwa betri kuisha au mtu kuanguka, winchi husimama yenyewe. Pampu haihitaji ukali wa kiasi hicho. Inatosha rimoti ya barazani itume neno la "endelea" kila baada ya sekunde chache, na kibao cha bondeni kikikosa kulisikia kwa nusu dakika kikate. Amri ya kuwasha iwe na kitufe chake na ya kuzima chake, ili kubonyeza mara mbili kusigeuze kitu.

Rilei ndogo haifai kukata umeme wa mota. Iachiwe kazi ya kuamsha kontakta, na kontakta yenye ulinzi wa mota kuzidiwa ndiyo ibebe zile ampea. Ikifungwa na vitufe vyake vya kuwasha na kuzima, kontakta ina faida nyingine kubwa kwa nchi zetu: umeme ukikatika inaachia, na ukirudi haiwashi kitu mpaka mtu aamue. Kwenye tangi iwekwe swichi ya boya inayokata likijaa, na chini, kwenye bomba, kihisi cha mtiririko kinachokata maji yasipopita. Kihisi hicho ndicho kilichopaswa kumpa mjomba taa barazani. Taa ya kijani iwake kwa sababu maji yanatembea ndani ya bomba, na isiwake kwa sababu nyingine yoyote.

Nalisema hili la taa kwa uchungu, kwa kuwa nimeona vifaa vingi vya nyumbani vyenye rimoti, vya milango, vya mashine za kutotolesha vifaranga, vya taa za uwanjani, na karibu vyote humwonyesha mwenye nyumba kile alichoamuru badala ya kile kinachotokea. Fundi aliyevitengeneza hutofautisha mambo hayo mawili kichwani mwake bila kufikiri. Mwenye nyumba hawezi, wala hatakiwi kuweza.

Gharama itaongezeka, ndiyo. Kontakta, kihisi, kufuli na kibao cha pande mbili vitazidi bei ya ile seti mara kadhaa, na mteja atalalamika. Fundi amweleze kwa utulivu, na mteja akikataa, kazi hiyo aiache. Pampu ya kuwashwa kwa mkono ilikuwa ikimchosha mjomba magoti, lakini ilikuwa ikimngojea.

Kabla ya kukabidhi kuna jaribio la robo saa. Washa pampu kutoka barazani, kisha chomoa betri ya rimoti na uhesabu sekunde mpaka pampu isimame. Washa tena, kata umeme kwenye breka, urudishe, uone kama imebaki imelala. Funga maji ya kuingia, uone kama inakata na taa ya kijani inazimika. Mwisho shusha swichi ya bondeni, tia kufuli, mwambie mtu abonyeze rimoti kadiri apendavyo huku wewe umesimama kando ya puli. Lifanye jaribio hilo mwenye pampu akiwapo, kila hatua aifanye yeye kwa mkono wake, na malipo uyapokee baada ya hapo.