Je, Ajali Haina Kinga?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, nilipanda gari la abiria Makongolosi kwenda Mbeya. Wasomaji wetu walio mbali yafaa wajue kwamba Makongolosi ni mji wa wachimba dhahabu katika wilaya ya Chunya, na kwamba siku hizi lami imefika huko, kilometa 39 kutoka Chunya mjini; na kutoka Chunya barabara hupanda milima mirefu kabla ya kuteremkia Mbeya. Gari letu lilijaa. Kwenye mwinuko mmoja tulilikuta lori lenye tela, limeelemewa na mzigo, likienda polepole kama mzee apandaye ngazi. Dereva wetu alilifuata kwa dakika mbili hivi, akasonya, kisha akatoka upande wa kulia penye kona, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kuona kinachokuja. Hakikuja kitu. Tukarudi upande wetu salama, lori likabaki nyuma, na kijana mmoja wa kiti cha nyuma akapiga makofi.

Bibi mmoja aliyeketi karibu nami akasema, "Mwanangu, sisi si magunia." Dereva akamjibu kwa adabu, "Ondoa hofu, Bibi, tumeshapita." Mwingine akaongeza, "Na ajali haina kinga, Bibi!" Watu wakacheka. Nami, niliyevaa kola ya upadre, ambaye baadhi yao walinitazama kana kwamba ningesema neno, nilinyamaza.

Tangu siku ile swali moja limenikaa moyoni, na leo nalileta mbele ya wasomaji. Dereva yule alitenda kosa gani? Hakumgusa mtu. Alitufikisha. Kama ubaya ni kudhuru, yeye hakudhuru. Na kama tungalikufa, kesho yake watu wangalisema kwamba ilikuwa ajali, na makaburini wangaliambiana kwamba siku zetu zilikuwa zimetimia. Basi akitufikisha hana kosa, na asipotufikisha hana kosa vilevile. Ni mtu wa ajabu huyu, asiyeweza kukosa kwa njia yoyote!

Nadhani neno lenyewe latudanganya. "Ajali" lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu ya kufa. Kwetu limekuwa jina la tukio baya lisilotazamiwa, lakini harufu ya asili yake haijatoka. Radi ikimpiga mchungaji porini, tuseme ni ajali, wala sina ubishi. Lakini jambo ambalo mtu amelitazama kwa macho yake, akalipima, kisha akalichagua kwa sababu hataki kuchelewa dakika kumi, halifai kupewa jina hilo.

Tuwafikirie madereva wawili. Wote wawili wanalipita lori penye kona ileile, kwa mwendo uleule, kwa haraka ileile. Wa kwanza anakuta barabara tupu. Wa pili anakutana na bodaboda iliyopakia mama na mtoto. Mahakama yaweza kumfunga wa pili, na wa kwanza mara nyingi huenda zake, maana ingawa sheria ya nchi hukataza pia uendeshaji wa hatari, adhabu hupimwa sana kwa madhara. Lakini niambieni, ni tofauti gani iliyokuwamo ndani ya mioyo yao walipozungusha usukani? Hakuna hata moja. Tofauti yote ilikuwa upande wa pili wa kona, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuona. Katika seminari kuu walimu wetu walitupa mfano wa mwindaji aonaye majani yakitikisika, asijue kama ni mnyama au ni mtu, akafyatua risasi. Akimpiga swala, anakula nyama. Lakini alipofyatua alikuwa amekwisha kukubali moyoni mwake kwamba huenda akamwua mtu. Dereva wa kwanza amekula swala.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yasema jambo hili katika namba 2290, chini ya amri ya tano. Humo imefundishwa kwamba wana hatia nzito wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mno mbio wanahatarisha usalama wao na wa wengine. Msomaji aangalie vema: kuhatarisha, si kuua tu. Hata hivyo, tunapochunguza dhamiri hukumbuka hasira na masengenyo, wala ni wachache wakumbukao kona.

Nataka kukaa kidogo juu ya malori yenyewe, maana wengi wanaoyapita hawayajui. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu lori kubwa la ekseli saba kufikia uzito wa tani 56 pamoja na mzigo. Chukueni lori la urefu wa mita 18 liendalo kilometa 50 kwa saa. Gari dogo likilipita kwa kilometa 70, likianza mita 15 nyuma yake na kurudi upande wake mita 15 mbele yake, litatumia sekunde tisa au kumi na kula karibu mita 185 za barabara. Wakati huohuo gari litokalo mbele kwa mwendo wa kilometa 80 litakuwa limekwenda zaidi ya mita 200. Basi zahitajika karibu mita 400 zinazoonekana wazi. Ni kona gani ya milimani ionyeshayo mita 400?

Kwenye mteremko mambo huwa mabaya zaidi. Dereva mwenye akili huteremsha lori kwa gia ya chini na kuacha nafasi kubwa mbele yake, kwa kuwa breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hulegea. Anakuja mwenye gari dogo, aona nafasi ile, ajipenyeza. Haikuwa nafasi tupu ile. Ilikuwa sehemu ya breki za lori. Tarehe 7 Juni 2025, katika mteremko wa Iwambi hapo Mbeya, lori lilikata breki likagonga magari mengine, nao watu 28 wakafa. Na tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililotoka Mbeya, wakafa zaidi ya watu 40. Sisemi nani alikosa katika mambo hayo mawili. Nayataja ili tujue ni kitu gani tunachokaa nacho barabarani.

Nasi tumekaa nacho muda mrefu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, malori yalipeleka mafuta Zambia kwa njia ya Iringa, Mbeya na Tunduma, nayo njia ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, hata Waingereza wakaiita njia ya Jehanamu. Siku zile tope na mashimo ndiyo yaliyokuwa askari wa barabara. Hakuna aliyeweza kukimbia sana hata kama angetaka. Lami imemwondoa askari yule. Kila mtu wa Makongolosi alimshukuru Mungu ilipofika, nami pia. Lakini sasa mwendo wa gari wategemea hiari ya dereva.

Majuma mawili baadaye nilimkuta dereva yule kituoni Makongolosi, nikamwambia yaliyokuwa moyoni mwangu. Hakukasirika. "Padre," alisema, "nikikaa nyuma ya lori mpaka Chunya, abiria wananitukana, na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Wewe mwenyewe ulikuwamo, hukusema kitu." Jibu lake halimwondolei hatia, kwa maana usukani ulikuwa mikononi mwake. Lakini tajiri akaaye nyumbani akidai hesabu isiyopatikana bila mbio, naye alikuwamo ndani ya gari lile penye kona. Kijana aliyepiga makofi alikuwamo. Na mafundisho ya zamani ya Kanisa yahesabu kunyamaza miongoni mwa njia za kushiriki kosa la mwingine. Niliyajua hayo kwa moyo tangu seminarini.

Siku ile, kabla hatujaondoka, nilimwomba mbele ya abiria wote asilipite lori lolote mahali asipoona mbali. Baadhi waliitikia, kijana mmoja alinung'unika kwamba padre hana haraka kwa kuwa hana biashara. Tulikaa nyuma ya lori la tumbaku kwa muda mrefu, tukalimeza vumbi na moshi wake, tukafika Chunya tumechelewa robo saa. Bibi yule hakuwamo, wala sijui akaa wapi, nami nilitaka kumwomba radhi.