Kumfunga Ngamia Kabla ya Filimbi

Nikimsikia mchezaji aliyetoka kupasuliwa goti akisema "mimi nimetawakali tu", jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama anaweza kuchuchumaa. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, karani wa masijala, na kwa miaka mingi nimekuwa senta wa timu ya netiboli ya halmashauri yetu, ile inayokwenda kwenye SHIMISEMITA, mashindano ya watumishi wa serikali za mitaa. Kano ya ndani ya goti langu la kushoto, ambayo wachezaji wote wanaiita ACL hata wasipojua herufi hizo zinasimamia nini, ilikatika, nikapandikiziwa nyingine iliyotolewa nyuma ya paja. Goti likapona. Ikabaki hofu, na hofu hiyo ikaniletea maswali ya dini ambayo sikuwahi kudhani yanakaa uwanjani.

Kwa wasioujua mchezo huu: ukidaka mpira hewani, sheria haikuruhusu kukimbia nao. Unatua, unasimama papo hapo, mguu uliotulia unabaki hapo hapo huku mwili ukigeuka kutafuta wa kumpa, na yote hayo uyamalize ndani ya sekunde 3. Kano hukatika katika mgeuko huo. Mara nyingi hakuna hata aliyekugusa. Mguu umeganda chini na mwili umekwenda upande wake. Ndiyo maana anayerudi baada ya upasuaji hamwogopi sana mpinzani. Anaogopa kutua.

Mwalimu wetu wa timu alilimaliza suala hilo kwa pumzi moja. "Wewe swala tano hazikupiti, unaogopa nini? Mtegemee Mungu, ingia." Mwenzangu aliyekuwa akifunga kamba za viatu akadakia kwamba ajali haina kinga. Niliingia nyumbani jioni ile nimeudhika, na ilinichukua muda kujua kilichoniudhi. Walikuwa wameifanya hofu yangu ionekane kuwa deni la imani.

Hebu tuliangalie hilo deni. Siku za mwanzo baada ya upasuaji niliswali kwenye kiti. Sijida niliifanya kwa kuinama, na kile kikao cha tahiyatu, ambacho hulikunja goti mpaka mwisho, nilikiacha kabisa. Hakuna shehe aliyeniambia nina upungufu wa imani. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala. Tumefundishwa chuoni tukiwa watoto. Na swala ni faradhi. Mechi ya halmashauri na halmashauri ni jambo la halali tu, ukilifanya sawa, ukiliacha sawa. Sasa kama Mwenyezi Mungu amenipa ruhusa ya kiti katika faradhi kwa ajili ya goti, huyu anayenidai ushujaa kwenye mpira wa pete ameupata wapi uwakili huo?

Kila Mwislamu anaijua hadithi ya ngamia, iliyopokewa na Tirmidhi: mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kisha ategemee. (Naishi Ngamiani, kwa hiyo nisamehewe kama mnyama huyu hanitoki kichwani.) Tunapoisimulia huwa tunaharakia kwenye kutegemea, kwa sababu ndiko kwenye utamu. Kufunga kunachosha. Kwa goti, kufunga ni kupanda na kushuka ngazi kwa mguu mmoja huku jirani wakikucheka, ni mazoezi ya paja saa ambayo wenzako wako kwenye harusi, na ni kungoja. Kano ya kupandikizwa ina tabia ya ajabu: miezi ya kwanza hudhoofika kabla haijaanza kuimarika, na hudhoofika wakati ambapo maumivu yamekwisha na mwenyewe unajiona mzima. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Norway na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kungoja, mpaka kufika mwezi wa 9, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa takriban nusu. Anayerudi mwezi wa 5 kwa sababu "ametawakali" amemwacha ngamia njiani na kumwachia Mungu ulinzi.

Lakini mimi nilikuwa nimemfunga, na hofu haikuondoka. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu.

Fizio wangu, kijana mpole mwenye kalamu ya bluu nyuma ya sikio, alinifanyia vipimo viwili siku moja. Cha kwanza kilikuwa cha kuruka kwa mguu mmoja. Alitandaza sakafuni futi ya fundi cherehani, nikaruka kwa mguu mzima, nikaruka kwa ule uliopasuliwa, akalinganisha. Walau asilimia 90 ya mguu mzima ndiyo wanayoitaka. Nikapita. Cha pili kilikuwa karatasi ya maswali 12, kipimo alichokichapisha Kate Webster na wenzake wa Australia mwaka 2008 ili kupima kama akili nayo imerudi. Alikuwa akiyageuza kwa Kiswahili papo kwa papo. Naogopa kiasi gani kuumia tena? Wazo la kupasuliwa upya linanizuia kiasi gani? Nitaweza kucheza bila kuliwaza goti? Mimi kila swali nikamjibu "inshallah". Alipofika la nne akaishusha kalamu.

"Dada, nipe namba. Sufuri mpaka mia."

"Mungu ndiye anayejua."

"Mungu anajua. Hii karatasi inauliza unachojua wewe."

Nimesoma vitabu vya dini vyenye kurasa nyingi ambavyo havikunifungua macho kama jibu hilo. Nilikuwa nalitumia jina la Mungu kukwepa kujiangalia. Nikamtajia namba zangu, nyingine za aibu, akazijumlisha.

Je, namba hizo zinasema nini? Nilidhani jibu ni rahisi: hofu ikipungua, hatari inapungua. Sivyo. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2018 uliona kwamba vijana waliorudi uwanjani na hofu kubwa ya kuumia ndio waliokatika tena zaidi. Mwaka 2022 ukatoka mwingine wa Sweden, ukaona karibu kinyume chake: waliojiamini zaidi ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kukatika upya. Mwoga hutua amejikaza kama mti. Anayejiamini huenda kila mpira, hata ule usiokuwa wake. Hayo ni maelezo yangu mimi mchezaji, watafiti wana yao. Aristotle aliuweka ushujaa katikati ya woga na kutojali, na nilipokuwa sekondari nililiona wazo hilo kama la mtu asiyetaka kuamua. Leo naona alikuwa anaelewa miili.

Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tunaitumia methali hiyo kumcheka mtu. Lakini anayeshtuka ameumwa kweli, na ung'ongo uko chini, kule kule wanakotambaa nyoka. Kushtuka kwake si ujinga. Kazi iliyobaki ni kuinama na kutazama.

Aliyenisaidia kutazama ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 bila kuona netiboli. Katika kitabu chake, Ihyaa, kwenye sehemu ya tawakali, anazigawa sababu tunazozitumia duniani kwa madaraja: zipo za yakini, zipo za dhana, zipo za kuwaza tu. Anayeketi mbele ya chakula asinyooshe mkono, akasema anamtegemea Mungu, huyo kwa Ghazali ni mwendawazimu, maana mkono ni sababu ya yakini. Kwa zile za dhana, kama dawa za tabibu, kuzitumia hakuharibu tawakali, na kuziacha si haramu. Goti langu naliweka kwenye daraja hilo la kati. Kwa wachezaji walio chini ya miaka 25 wanaorudi mchezoni, hesabu zilizokusanywa mwaka 2016 zinasema karibu asilimia 23 hukatika tena, goti lile lile au la pili. Huo si uhakika wa maangamizi, na si njozi pia. Katika dhana mtu ana nafasi ya kuchagua, na kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumwita anayecheza mpumbavu, wala anayekaa nje mwoga.

Derrick Rose aliitwa mwoga. Aprili 2012 kano yake ilikatika akiichezea Chicago Bulls, mwaka mmoja baada ya kuwa mchezaji bora wa ligi ya kikapu ya Marekani. Machi 2013 madaktari wakasema yuko sawa. Yeye akasema bado, akaukosa msimu mzima, na akasemwa kwa kila lugha. Alirudi Oktoba, Novemba goti la upande wa pili likaumia. Kuna waliosema basi kungoja kulikuwa bure. Siioni hoja hiyo. Angecheza mapema akapona, isingethibitisha kwamba angefanya busara. Angekuwa na bahati tu. Sisi tuliofunzwa tusiseme "lau ningefanya vile" tungepaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine: uamuzi unapimwa kwa kilichojulikana siku ile.

Na siku ile haikuwa yangu peke yangu, jambo ambalo Ghazali hakunisaidia, mama ndiye aliyelisema. Yeye ndiye aliyenishika kwenda msalani, yeye ndiye aliyehamia sebuleni kulala nami. Nilipomwambia nataka kurudi aliuliza swali moja, akiwa anachambua mchicha: "Ukivunjika tena, nani atakubeba?" Karatasi ya Australia haina swali hilo. Mwili ni amana, tunasema, na huwa tunafikiria Mwenye amana aliye juu. Kumbe kuna wabebaji walio hapa jikoni. Nilimweleza madaraja ya Ghazali. Akasema vizuri, huyo Ghazali aje na gongo.

Tuliongea mpaka mchicha ukaiva. Mwishowe alinipa ruhusa, kwa masharti tuliyoyapanga pamoja: siichezi tena nafasi ya senta, nacheza ulinzi wa pembeni, nusu moja tu ya mechi, na mguu ukichoka natoka bila kumwangalia mwalimu usoni. Nilimpelekea mwalimu masharti hayo. Hakuyapenda, na mpaka sasa hatujaelewana. Anasema yanawafundisha woga wasichana tuliowasajili mwaka huu. Wengi wao hawajafika miaka 25, na ndio hasa niliotaka wayasikie.