Wazo la Leo: Picha ya Mtandaoni na Vazi la Mtu Mwenyewe

Mtindo binafsi, yaani namna ya kudumu ambayo mtu huchagua rangi, mishono na mapambo yanayomfaa, haupatikani kwa kunakili picha nzima kutoka Instagram au TikTok, kwa sababu algoridhimu, yaani kanuni za kompyuta zinazoamua nani aone nini, humletea mtazamaji vitu vinavyofanana na vile alivyokwisha kuvitazama, hata akadhani kuwa dunia nzima imevaa vazi moja.

Hapa ndipo fundi cherehani wa Afrika Mashariki anapostahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Mteja anayempelekea kitenge pamoja na picha iliyo kwenye simu hulazimika kujadiliana naye juu ya upana wa mabega, urefu wa mikono na mahali pa kukata ili maua ya kitambaa yasikatike vibaya, na katika mjadala huo vazi la mtu mwingine hugeuka kuwa lake mwenyewe. Mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, inayouzwa Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam, nayo humfunza mnunuzi kuliamini jicho lake, kwa kuwa mara nyingi kila vazi huwa moja tu.

Anayetafuta mtindo wake na achukue jambo moja tu katika kila picha, iwe kola, rangi au namna ya kufunga kilemba, kisha alijaribu kwa nguo alizonazo kabla ya kununua nyingine.