Kahawa ya Meru, Jina la Kilimanjaro

Ukisimama Sakina, Arusha, kando ya barabara ya Namanga, mlima unaokutazama ni Meru, mita 4,566. Kwenye miteremko yake Wameru na Waarusha wamelima kahawa ya arabika tangu enzi za wakoloni, wakajengea nyumba na kusomeshea watoto. Kahawa hiyo ikifika Japani, inaitwa Kilimanjaro.

Huo si ulaghai. Wafanyabiashara wa kahawa wa Japani wana kanuni inayosema waziwazi kwamba Kilimanjaro ni arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Kwa hiyo ya Mbinga, kule karibu na Ziwa Nyasa, ni Kilimanjaro. Ya Mbozi vilevile. Mchanganyiko nao ukiwa na asilimia 30 ya kahawa hiyo unaruhusiwa kubeba jina. Inasemekana jina lilishika huko baada ya filamu ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway kuhusu theluji ya mlima huo. Yaani watu waliupenda mlima sinemani, kahawa ikafuata. Wamarekani wao hutununua kwa umbo: hupenda PB ya Tanzania, ile punje moja ya mviringo, ambayo mbuni wa nchi yoyote huizaa.

Tuna methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Inadhani kwamba kitu na sifa yake havitengani. Kahawa inaikanusha. Punje haisemi imetoka wapi, na ulimi wa mnywaji huonja kwa msaada wa macho yaliyokwisha kusoma mfuko.

Mtu atauliza, kuna hasara gani? Mkulima wa Meru anafaidi umaarufu wa mlima jirani bila kuugharimia. Ni kweli, na bei njema haina kabila. Lakini sifa, ili iwe sifa, yahitaji mahali pa kukaa, na hapohapo ndipo lawama nayo hukaa. Mkulima wa Nkoaranga aliyechuma matunda mekundu tu, akayamenya siku hiyohiyo na kuanika kwa subira, hawezi kusifiwa Tokyo. Jirani yake aliyechanganya mabichi na mekundu hawezi kulaumiwa. Jina pana humhifadhi mzembe na kumtoza kodi mwenye bidii. Ndiyo maana sioni kwamba kinachogombewa ni fahari ya taifa. Kinachogombewa ni uwezo wa kuwajibika: kujulikana kiasi cha kuweza kuaibika.

Waethiopia waliliona hili. Mwaka 2005 waliomba kusajili Marekani majina ya Sidamo, Harrar na Yirgacheffe kama alama zao za biashara, wakavutana na Starbucks hadi walipoafikiana mwaka 2007. Hawakuomba kuitwa Ethiopia tu. Walitaka majina ya maeneo yenyewe, na wayashike wao.

Tusijifanye wasafi lakini. Nenda soko la Kilombero, hapa Arusha, uulize mchele. Utaambiwa huu wa Kyela, huu wa Magugu, na magunia yanafanana kama mapacha. Tunalipia jina, muuzaji anajua, nasi tunajua kwamba anajua. Hapa hakuna hata kanuni ya asilimia 30.

Na kahawa? Wengi wetu hapa tunakunywa chai. Akija mgeni anayetaka kahawa, hufunguliwa kopo la Africafe, kahawa ya unga ya kukoroga. Silaumu, kopo ni rahisi, na maji ya moto yapo. Ila dai letu la jina la Meru linapungua nguvu. Anayeweza kubisha kwamba hii si ya Meru ni yule aliyewahi kuinywa ya Meru, na mtu huyo ni rahisi zaidi kumpata kwenye meza ya waonjaji wa mnada, Moshi, kuliko kwenye kibanda cha chai cha Sakina.