Baridi Iliyolala

Jumanne jioni nilimfokea mwanangu kwa sababu ya kijiko. Alikiacha ndani ya kopo la sukari kikiwa kimelowa chai, na sukari ikashikana mabonge. Sauti iliyonitoka ilinishtua mwenyewe. Mtoto alikitoa taratibu, akakifuta kwenye kaptura yake, akakiweka mezani bila kusema neno. Usiku nilikosa usingizi nikijiuliza: kweli ni kijiko?

Nikakumbuka fundisho la waganga wa kale wa Uchina. Katika Huangdi Neijing, kitabu chao cha tiba chenye umri wa miaka ipatayo 2,000, wanafundisha kwamba mtu aliyeingiwa na baridi wakati wa kipupwe huenda asiugue siku hiyo. Atakula, atafanya kazi, atacheka na wenzake. Majira ya joto yakikaribia, homa inaamka, naye anashangaa imetoka wapi, maana hakunyeshewa wala hakulala nje. Hali hiyo ya maradhi kujificha waganga wa Uchina waliiita "fu". Alama ya neno hilo katika maandishi yao imeunganishwa kwa alama mbili: mtu, na mbwa kando yake. Nimeitazama sana alama hiyo. Mbwa ametulia miguuni, na mtu amesahau kwamba yupo.

Ukiwa na homa, mpendwa, nenda hospitali ukapimwe. Mimi kwa waganga hawa nimejifunza subira.

Mwaka 1641 maradhi ya mlipuko yaliingia Shandong, Zhejiang na majimbo mengine ya Uchina. Mganga Wu Youxing aliwaona wagonjwa wakidhoofika kwa dawa za kuwatoa jasho na kuwaharisha kabla ya wakati. Mwaka uliofuata aliandika kitabu, Wenyi Lun, akieleza kwamba ugonjwa ukiwa bado umejificha ni kama mnyama aliye pangoni: dawa haimfikii. Kwanza afunguliwe njia ya kutokea. Dawa aliyoitunga kwa kazi hiyo ina viungo saba, popoo ikiwamo, hiyo hiyo wanayoitafuna watu wa pwani yetu kwa tambuu.

Sasa nirudi kwenye kijiko. Mwezi Desemba rafiki yangu wa miaka mingi aliniambia neno zito mbele za watu. Nilitabasamu, nikasema hakuna shida. Sikudanganya, niliamini hivyo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, likalala, na Jumanne nilipokuwa nimechoka likaamka na kumwangukia mtoto asiye na habari. Aliyetuumiza mara nyingi yuko mbali, na wale tunaokula nao meza moja ndio wanaoungua.

Je, nawe kuna neno ulilolipitisha haraka mno kwa "nimesamehe"? Sikuulizi ili nikulaumu. Mdomo husamehe kwa siku moja, moyo unahitaji siku nyingi, na Mungu anaijua tofauti hiyo. Mtunzi wa Zaburi ya 139 anamwomba Mungu auchunguze moyo wake, ombi la mtu anayejua kwamba ndani mwake mna vyumba asivyovifikia. Ukiomba hivyo, usiharakishe. Usijilazimishe kulia, usijilazimishe kutosikia uchungu. Fungua mlango kidogo tu, ulitaje lile neno mbele zake kama lilivyosemwa, pamoja na jina la aliyelisema.

Waganga wale walihangaikia pia nguvu njema ya mwili, ile inayomwezesha mgonjwa kusimama maradhi yanapotoka. Kwa roho nayo naona ni vivyo hivyo: sala fupi ya alfajiri, salamu ya kweli kwa jirani, kulala mapema. Mambo madogo, lakini ya kila siku.

Jumatano asubuhi nilimwomba mwanangu msamaha. Akasema, "Baba, nilishasahau," nami nikamwomba anieleze hata hivyo jinsi alivyojisikia. Alinieleza. Kisha nikampigia simu rafiki yangu. Hakupokea. Nitampigia tena kesho, baada ya sala.